Maswali na majibu: Namba 4,294,967,297 imepita kila kipimo nilichokijua. Je, ni tasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika programu ya kuzalisha namba nasibu kwa njia ya kuzidisha na kuchukua baki. Nahitaji namba tasa iliyozidi 2^32 kidogo iwe ndiyo namba ya kugawia, na nimechagua 4,294,967,297. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiigawa kwa 6 inabaki 5, jambo ambalo nimesoma kuwa ni alama ya namba tasa. Nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 100, hakuna iliyoingia. Nimefanya pia kipimo cha Fermat kwa misingi ya 2, 4, 8 na 16, na mara zote nne baki ni 1. Rafiki yangu kanitumia kanuni ya “mzizi wa tarakimu”, nayo inasema ni tasa. Naweza kuitumia bila wasiwasi?

JIBU: Marahaba. Usiitumie, si tasa. 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417, na kuhakiki hilo hakuhitaji mtaalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 41 ni 274,717,097, kisha jumlisha. Vigawo hivyo viwili ni tasa, kwa hiyo namba yako ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Ingekuwa ni hilo peke yake ningeishia hapo. Lakini orodha yako ya vipimo ndiyo ileile ninayoletewa na kila anayeuliza kuhusu namba kubwa, ila tarakimu tu ndizo zinazobadilika. Katika vyote ulivyotaja, hakuna hata kimoja kilichosema namba ni tasa. Kila kimoja kimesema “mimi sijaona kasoro”, basi. Wewe ukazijumlisha kauli saba za “sijaona” ukapata “haina”. Kila malaria huja na homa, lakini si kila homa ni malaria.

Tuanze na lile la 6. Ni kweli kwamba namba tasa yoyote inayozidi 3 ukiigawa kwa 6 hubaki 1 au 5. Kinyume chake si kweli, na huhitaji namba kubwa kuliona hilo: 25, 35, 49, 55, 65, 77, 85, 91 na 95 zote zina baki la 1 au 5. Chini ya 100 ziko namba 32 kuanzia 5 zenye sifa hiyo, na 23 kati yake ni tasa. Hapo ndipo watu hudanganyika, maana kanuni inaonekana kufaulu mara nyingi kuliko kukosea. Panda sasa hadi karibu na bilioni 4.3. Huko namba tasa ni takribani moja katika kila namba 22, wakati zenye baki la 1 au 5 ni moja katika kila tatu. Maana yake ni kwamba kati ya namba saba za aina hiyo, karibu moja tu ndiyo tasa. Kipimo hiki kimekuambia jambo moja, kwamba 2 na 3 haziigawi namba yako, na hilo ulikuwa umeshalijua.

Mzizi wa tarakimu nitaupitia haraka kwa sababu haustahili zaidi. 59 inakuwa 14, 14 inakuwa 5. Hilo ni baki la kugawa kwa 9 na si kitu kingine chochote, hata likizungushiwa duara, rangi na mishale. Baki la 9 halijui lolote kuhusu 641. Namba 14, 32 na 50 zina mzizi uleule wa 5, na hakuna anayezidai kuwa tasa. Matumizi yake halali ni kuhakiki kuzidisha: 641 ina mzizi wa 2, 6,700,417 ina mzizi wa 7, 2 × 7 ni 14, mzizi wake 5, sawa na wa namba yako. Mwenye kuuza “kanuni ya siri ya namba tasa” iliyojengwa juu ya mizizi hii anakuuzia somo la kugawa kwa 9, tena kwa bei.

Kugawa kwa namba tasa hadi 100 ni kazi ya halali, ila uliiacha mapema mno. Ukitaka kugawa pekee kuwe ndio uthibitisho, lazima ufike kipeuo cha pili cha namba yako, ambacho hapa ni 65,536 na chembe. Chini ya hapo ziko namba tasa 6,542. Wewe ulipima 25. Kigawo 641 ni namba tasa ya 116, kwa hiyo hukuwa mbali nacho. Kompyuta yoyote hugawa mara 6,542 kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, na kwa namba ya tarakimu kumi sioni sababu ya kutafuta njia nyingine.

Ukigawa kwa kikokotoo, jihadhari na kioo chake. Gawa namba yako kwa 65,535 na utapata 65,537.00003. Kioo kinachokata desimali baada ya nafasi ya nne kitakuonyesha 65,537 kamili, na wako wanaodai kuwa hivyo ndivyo vigawo vyake. 65,535 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya namba yako kwa 2. Hata bila kuzidisha, tarakimu za mwisho 5 na 7 zikizidishwa huishia na 5, na namba yako inaishia na 7. Kigawo hakithibitishwi kwa kugawa na kutazama desimali. Kinathibitishwa kwa kuzidisha kurudi nyuma hadi tarakimu ya mwisho.

Sasa twende kwenye kipimo cha Fermat, maana hicho ndicho kilichokupa uhakika wa uongo. Kinasema hivi: kama n ni tasa na a, yaani msingi, haigawanyiki kwa n, basi a^(n−1) ukigawa kwa n hubaki 1. Tena ni sharti la upande mmoja. Baki likiwa si 1, n si tasa, shauri limekwisha. Baki likiwa 1, hujajua. Mfano mdogo kuliko yote kwa msingi wa 2 ni 341, ambayo ni 11 × 31 na inapita kipimo hicho kama vile ni tasa.

Kwa namba yako hali ni mbaya zaidi, kwa sababu msingi wa 2 ulikuwa lazima upite. Namba yako ni 2^32 + 1. Kwa hiyo 2^32 ukigawa kwa namba hiyo hubaki n − 1, ambayo katika hesabu ya mabaki ni sawa na −1, na 2^64 ni sawa na 1. Kipeo cha kipimo, n − 1, ni 2^32, na 64 inaigawa 2^32 sawasawa. Basi 2^(n−1) lazima ibaki 1, namba iwe tasa isiwe tasa. Misingi ya 4, 8 na 16 ni vipeo vya 2 tu, kwa hiyo inarudia jibu lilelile. Umemuuliza shahidi mmoja mara nne ukadhani ni mashahidi wanne.

Unaweza kuhesabu misingi inayodanganya. Kwa namba yako iko 16,384, yaani 128 × 128, kati ya misingi zaidi ya bilioni 4.2. Ni kama msingi mmoja katika kila 262,144. Ungechukua msingi wowote kwa bahati nasibu, uongo ungefichuka papo hapo. Wewe ulichukua ule ambao watu wote huanza nao. Hata kipimo kikali zaidi, cha Miller na Rabin, kwa msingi wa 2 kingeipitisha namba hii: unaanza na 2, unaipandisha kipeo cha pili mara tano, unafika 2^32 ambayo ni −1, na kipimo kinasema “imepita”.

Pierre de Fermat mwenyewe ndiye aliyeamini, mwaka 1640, kwamba namba zote za umbo hili, 2^(2^k) + 1, ambazo huitwa namba za Fermat, ni tasa. 3, 5, 17, 257 na 65,537 zilikuwa zimemkubalia. Ya sita ndiyo hii yako, na Leonhard Euler aliivunja mwaka 1732. Hakuivunja kwa kubahatisha. Kama p ni tasa na inaigawa 2^32 + 1, basi mzunguko wa vipeo vya 2 ndani ya p, yaani hatua ambazo mabaki ya vipeo hivyo huchukua kabla ya kujirudia, ni 64 kamili, na mzunguko huo lazima uigawe p − 1. Kwa hiyo p ina umbo la 64k + 1. Mwaka 1878 Édouard Lucas alionyesha kwamba ni 128k + 1. Orodhesha: 129 inagawanyika kwa 3. 257 ni ndugu wa familia hiihii, na namba za Fermat hazichangii kigawo. 385 inagawanyika kwa 5, 513 kwa 3. Inayofuata ni 641. Umefika, kwa kugawa mara moja tu. (6,700,417 nayo ni 128 × 52,347 + 1, kama inavyotakiwa.)

Hiyo ndiyo tofauti ya njia ya mkato yenye sababu na njia ya mkato isiyo nayo. Ya Euler inakuambia kwa nini unaruhusiwa kuruka namba fulani, na kila uliyoiruka unaweza kuitolea hesabu. Kanuni ya rafiki yako inakuambia uruke, halafu ikiulizwa sababu inaonyesha mifano iliyokubali.

Kuna sifa moja zaidi ya namba hii inayopendeza. Ni jumla ya vipeo vya pili viwili kwa njia mbili tofauti: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili, kwa hiyo kuipata ya pili peke yake kunatosha kuihukumu. Na vigawo vinatoka humohumo. Tofauti na jumla za namba witiri, 20,449 na 1, ni 20,448 na 20,450. Za namba shufwa, 65,536 na 62,264, ni 3,272 na 127,800. Kigawo kikubwa cha shirika cha 20,448 na 3,272 ni 8. Cha 20,450 na 127,800 ni 50. Chukua nusu, 4 na 25, jumlisha vipeo vyake vya pili: 16 + 625 = 641.

Kipimo ambacho ungepaswa kukitumia kwa namba za umbo hili ni cha Pépin, na chenyewe hukata pande zote mbili: 3 ikipandishwa kipeo cha (n − 1)/2 lazima ibaki −1, yaani n − 1. Ikibaki hivyo ni tasa, isipobaki hivyo si tasa. Hapa (n − 1)/2 ni 2^31, kwa hiyo unaanza na 3 na kuipandisha kipeo cha pili mara 31, kila mara ukichukua baki: 9, 81, 6,561, 43,046,721, kisha 3,793,201,458, na kuendelea. Ya 31 ni 10,324,303. Ilitakiwa iwe 4,294,967,296. Ukiipandisha mara moja zaidi unapata 3,029,026,160, ambayo si 1, na hicho ndicho kipimo cha Fermat kwa msingi wa 3, kimeshindwa waziwazi.

Ukiandika programu ya hatua hizo, kuna shimo ambalo wengi hutumbukia. Baki linaweza kufika 4,294,967,296, na kipeo chake cha pili ni 2^64, moja zaidi ya uwezo wa namba ya biti 64 isiyo na alama ya hasi. Kompyuta haitalalamika. Itaandika 0, na kuanzia hapo kila kinachofuata ni takataka. Namba za desimali za kompyuta nazo hushika namba kamili zote hadi 2^53 tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Juu ya hapo tarakimu za mwisho huanza kupotea, na baki linaishi katika tarakimu hizohizo za mwisho. Tumia hesabu ya biti 128, au lugha yenye namba kamili zisizo na kikomo. Kwenye Python, `pow(3, 2147483648, 4294967297)` inarudisha 10324303 bila shida.

Kwa programu yako, kosa hili lingekugharimu hivi. Namba ya kugawia ikiwa tasa p na kizidishi (namba unayozidishia kila hatua) kikichaguliwa vizuri, mzunguko, yaani hatua kabla namba hazijaanza kujirudia, ni p − 1, zaidi ya bilioni 4. Kwa 641 × 6,700,417, mzunguko mrefu kuliko yote kwa mbegu (namba ya kuanzia) isiyo na kigawo cha pamoja na namba hiyo ni 33,502,080, hata uchague kizidishi gani. Umepoteza mara 128. Baya zaidi ni mbegu zenyewe: mbegu ikigawanyika kwa 641, kila namba itakayozalishwa baada yake itagawanyika kwa 641, milele. Hilo linampata mtumiaji mmoja katika kila 641 hivi, na ndiyo maana majaribio ya haraka hayalioni. Tena 2^32 + 1 haiingii kwenye biti 32. Ukiihifadhi humo inageuka 1, na baki la kugawa kwa 1 daima ni 0.

Nirudi kwenye hizi kanuni za kusambaziana, maana zimezidi. Wanaozieneza hutumia namba wanazozijua tayari kuwa tasa, wanaonyesha kanuni inazikubali, na hawagusi namba zisizo tasa. Kanuni inayosema “tasa” kwa kila namba nayo ingefaulu onyesho kama hilo. Ukiletewa kipimo kipya, kipe kwanza 341, 561, 1,105 na 4,294,967,297. Hiyo 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hupita kipimo cha Fermat kwa kila msingi usio na kigawo cha pamoja nayo, na mwaka 1994 wanahisabati Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kuwa namba za aina hiyo hazina mwisho. Kwa hiyo hata ushauri wa “rudia Fermat kwa misingi mingi” hauponyi.

Kinachoponya ni Miller na Rabin kwa misingi iliyothibitishwa. Kwa namba yoyote isiyo tasa, msingi wa kubahatisha hudanganya kwa nafasi isiyozidi robo. Na kwa namba ndogo tunajua zaidi ya nafasi: chini ya 2,152,302,898,747, misingi ya 2, 3, 5, 7 na 11 ikikubali yote mitano, namba ni tasa kwa hakika. Kwa namba zote za biti 64, tumia namba tasa 12 za kwanza, kutoka 2 hadi 37. Juu ya hapo soma maandishi ya programu yako. Ikisema “huenda ni tasa”, neno “huenda” halikuwekwa kwa adabu.

Na usidhani kwamba asiyeweza kukuonyesha kigawo hajathibitisha kitu. Namba ya Fermat ya 2^(2^20) + 1 inajulikana kwa hakika kuwa si tasa, na hakuna aliyewahi kukiona hata kigawo chake kimoja. Kupima na kuvunja ni kazi mbili, na ya pili ni ngumu mno. Usimbaji wa RSA, unaofunga siri kwa zao la namba tasa mbili kubwa, umesimama juu ya pengo hilo. Namba ya RSA yenye tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020, na funguo za kawaida za biti 2048 zina tarakimu 617. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaochukua “namba tasa” ya tarakimu kumi iliyopimwa kama ulivyopima wewe, wakatengenezea ufunguo wa kulinda siri za watu. Huo hauna ulinzi wowote, hata kama namba hiyo ni tasa kweli.

Namba unayoitafuta ni 4,294,967,311, yaani 2^32 + 15, namba tasa ya kwanza baada ya 2^32. Ukikubali kubaki ndani ya biti 32, chukua 4,294,967,291, yaani 2^32 − 5. Zipitishe kwenye misingi mitano niliyoitaja kabla ya kuzitumia. Kisha kizidishi a kichague hivi: kwa kila kigawo tasa q cha p − 1, a^((p−1)/q) isibaki 1. Kwa namba ya kwanza, p − 1 ni 4,294,967,310. Igawe kwa 2, kwa 3 mara mbili na kwa 5, unapata 47,721,859. Hiyo igawe kwa namba tasa hadi 6,908, usiishie 100.